Kijani kila mahali, unga hakuna: jibu kwa msomaji wa Mlalo

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Mlalo, Lushoto, nafanya kazi Dar es Salaam. Wazazi wangu wako kijijini na wajukuu wawili. Ukifika kwetu utaona migomba, kabeji, karoti, vijito vinatiririka. Lakini kila mwaka ikifika Machi au Aprili mama ananipigia simu kuwa unga umekwisha. Natuma hela, mwaka unaofuata ni yale yale. Mlima wenye rutuba namna ile unakosaje chakula? Baba ana vipande vinne vya shamba, kimoja kiko nyikani mbali kabisa. Nimemshauri akiuze anunue kingine karibu na nyumbani, amekataa katakata. Niwasaidie vipi ili jambo hili lifike mwisho?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nianze na majibu yenyewe, sababu zitafuata. Kipande cha nyikani kisiuzwe, baba yako yuko sahihi. Na hela unayotuma Aprili, anza kuituma Agosti. Mwaka wa kwanza itabidi utume mara zote mbili, maana njaa ya mwaka huu haisubiri mpango wa mwakani. Lakini kuanzia mwaka wa pili, shilingi ya Agosti itafanya kazi ambayo shilingi mbili za Aprili haziwezi.

Kijani cha Usambara kinadanganya macho ya mgeni, na ukikaa Dar miaka mingi hata wewe unaanza kukiona kwa macho ya mgeni. Sensa ya 2012 ilikuta karibu watu laki tano katika iliyokuwa wilaya moja ya Lushoto, kabla Bumbuli haijawa halmashauri yake. Wengi wao wako juu ya miteremko, na msitu wa hifadhi haulimwi. Kaya ya kawaida inaishi kwa ekari moja au mbili, tena zimekatika vipande. Ardhi bora kuliko zote, ile ya bondeni inayoweza kumwagiliwa, imepandwa mali ya sokoni: kabeji, karoti, nyanya, hoho, viazi mviringo. Mali hiyo inapakiwa kwenda Kariakoo na Tanga. Huku nyuma, mahindi yanapanda mlima kwa lori kupitia Mombo na Soni, yametoka Handeni, Kilindi, mengine soko la Kibaigwa kule Dodoma. Kwa hiyo nyumba nyingi za kwenu zinauza mboga na kununua unga. Chakula kipo sokoni muda wote. Kinachokosekana ni hela ya kukinunulia katika mwezi fulani, na mwezi huo unajulikana tangu mwaka unaanza.

Tuangalie kalenda ya nyumba kama ya wazazi wako. Mahindi ya masika yanapandwa Machi, na kwa baridi ya juu yanakaa shambani miezi mitano, sita, pengine zaidi. Yanavunwa Agosti kwenda Septemba. Mahindi ya vuli yanapandwa Oktoba na kuvunwa kuanzia Januari kwenda Februari au Machi, mvua ikikubali, na siku hizi vuli haiaminiki. Sasa weka matumizi juu ya kalenda hiyo. Agosti ndipo watu wote wanaodai wanapobisha hodi: mwenye duka aliyekopesha unga na mafuta, aliyetoa mbegu na mbolea, michango ya harusi iliyosubiri mavuno. Januari shule zinafunguliwa: sare, madaftari, mtoto wa kidato cha kwanza na godoro lake. Mavuno yote mawili yanaingia nyumbani yakiwa tayari yana mwenyewe.

Hapo ndipo gunia linashuka kutoka darini kwenda kwa mnunuzi, wakati kila nyumba jirani nayo inauza na bei iko chini kabisa. Chukua hesabu ya mfano tu. Gunia la kilo 100 linauzwa 60,000 mwezi wa mavuno. Mzee ana deni la 120,000, anauza magunia mawili. Machi mama anaanza kununua mahindi kwa kilo, na kila kilo ni 1,200. Ile 120,000 iliyotoka kwa magunia mawili sasa inarudisha gunia moja, na bado hujaongeza mashine na nauli. Gunia la pili limekwenda bila mvua kukosa wala mdudu kula. Nyumba inayopika kilo mbili za unga kwa siku inahitaji kilo 730 kwa mwaka, zaidi ya magunia saba. Ikivuna manne na kuuza mawili, huhitaji mganga kujua unga utaisha mwezi gani.

Simama siku ya gulio pale wanapouza nafaka mwezi wa nne, utaona jambo hili kwa macho. Agosti watu walikuwa wanauza kwa gunia na kwa debe. Aprili akina mama hao hao wananunua kwa kisado, na wengine kwa kibaba. Kadiri kipimo kinavyokuwa kidogo, kilo inakuwa ghali zaidi, na anayenunua kwa kibaba ndiye maskini kuliko wote pale sokoni. Upande wa kuuza nako kipimo kinamuumiza: viazi na kabeji vinashindiliwa kwenye lumbesa, gunia lenye kilemba juu lililoshonewa kamba, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Lumbesa imepigwa marufuku kisheria, Wakala wa Vipimo wanaisema kila msimu, lakini kando ya barabara jioni, lori linasubiri na kabeji zinanyauka, mkulima atabishana na nani?

Hali hii haiko Usambara peke yake. Kagera kuna butura, mkulima anauza kahawa ikiwa bado iko mtini kwa sababu nyumbani hakuna kitu. Mbinga wanaiita magoma, anachukua hela au mahindi wakati wa njaa na analipa kwa kahawa wakati wa mavuno, kwa bei aliyopanga mkopeshaji. Serikali imezipiga vita biashara zote mbili miaka nenda rudi. Zinarudi kwa sababu njaa ya Februari haijaondoka, na mkopeshaji wa magoma ndiye mtu pekee anayebisha hodi Februari akiwa na hela mkononi.

Pengine unajiuliza watu wa milimani wanahimilije. Wanahimili kwa ngazi, na ukijua nyumba iko ngazi ya ngapi unajua uwahi kiasi gani.

Ngazi ya kwanza huioni ukiwa mbali, na mama hatakuambia kwenye simu. Chai ya asubuhi inakuwa ya rangi bila kitafunio. Ugali wa mahindi unapisha bada la makopa, yaani ugali wa muhogo mkavu. Magimbi ya kando ya kijito yanachimbwa, ndizi zinakatwa kabla hazijakomaa vizuri. Mboga inakuwa mnavu, mchunga, tikini, majani ya maboga, kisamvu. Wala usizidharau mboga hizi. Mnavu una faida mwilini kuliko kabeji inayopelekwa Dar, na mwanamke anayeijua mboga ya pembezoni mwa shamba anailisha nyumba katika mwezi ambao pochi iko tupu. Hatari ya ngazi hii iko kwenye nani anapunguziwa. Mama anapakulia wazee na watoto, yeye anakula ukoko. Akiwa mjamzito au ananyonyesha, hapo pameshaharibika jambo ambalo mavuno ya Agosti hayatalirudisha.

Ngazi ya pili ni kibarua. Mtu anakwenda kulima au kupalilia shamba la mwingine alipwe jioni, anunue kisado cha mahindi. Inaonekana njia safi ya mtu mchapakazi, na kweli inaokoa usiku ule. Lakini angalia tarehe. Unga unaisha Machi, na Machi ndiyo kupanda. Aprili na Mei ndiyo palizi. Mwenye njaa anapanda shamba la tajiri kwa wakati, lake analipanda wiki mbili au tatu baadaye, na palizi yake inachelewa vilevile. Mahindi yaliyochelewa yanakutana na mwisho wa mvua yakiwa bado yanabeba. Mavuno yanapungua, na mwakani unga unaisha Februari badala ya Machi. Ukiniuliza njaa ya milimani inazaliwa wapi, nitakuonyesha hapa, wiki tatu za mwezi wa tatu ambazo mtu mwenye nguvu zake yuko kwenye shamba la mwenzake.

Ngazi ya tatu ni kuuza kuku, mbuzi, ndama. Mifugo ni akiba na kazi yake ni hiyo, mradi asiuzwe jike anayezaa. Ya nne ni kukodisha kipande cha bondeni kwa mwenye mtaji, msimu mmoja, halafu miwili, halafu unakuta mwenye shamba ni kibarua kwenye bonde la baba yake. Ya tano ni kuuza ardhi, au kijana kuondoka moja kwa moja. Ngazi mbili za kwanza mtu anapanda na kushuka kila mwaka. Kuanzia ya nne kurudi ni kugumu sana. Katika simu zako na nyumbani, jambo moja la kulijua mapema kuliko mengine yote ni kama bonde limekodishwa.

Sasa kipande cha nyikani. Dada yangu, hapa mzee wako anafuata elimu ya zamani kuliko idara ya kilimo. Washambaa tangu enzi walipenda kujenga juu karibu na ukingo wa mlima, wawe na shamba la shambaai, yaani huko juu mlimani, na wakati huo huo waweze kushuka kulima nyika. Juu kuna baridi, ukungu na mgomba usiokauka upesi. Chini kuna joto, mvua chache, mahindi yanayokimbia. Mwaka ambao nyika imeungua juu panapatikana kitu. Mwaka ambao juu mvua imezidi na maharage yameoza, nyika inaweza kuwa imezaa vizuri. Wachaga walikuwa na akili hiyo hiyo, kihamba chenye migomba na kahawa nyumbani, na shamba la mahindi tambarare ya chini.

Faida kubwa zaidi ya kipande hicho ni muda. Mahindi ya nyikani yakipandwa Machi, Juni watu wanachoma mabichi, na Julai yamekauka, wakati ya juu bado yana wiki kadhaa mbele yake. Shamba hilo ndilo linalofupisha njaa ya wazazi wako kwa mwezi mzima au zaidi. Ukiliuza ukanunua kipande karibu na nyumbani, utakuwa umenunua mahindi yanayovunwa siku moja na yale mengine. Mihogo nayo inastawi huko chini kuliko juu, na muhogo unamngoja mwenyewe ardhini.

Najua kwa nini ulimshauri hivyo. Mzee miguu imechoka, ule mteremko wa kwenda Mnazi unaua magoti, na huko chini kuna ngedere, nguruwe, na tembo wanaotoka Mkomazi. Hilo ni tatizo la nguvu kazi, basi litatuliwe kama la nguvu kazi. Lipia vijana wa kulima na kupanda kwa wakati, au mpe ndugu mwenye nguvu alime kwa kugawana mavuno, makubaliano yaandikwe kwa mwenyekiti wa kitongoji ili kesho asijesema shamba ni lake. Nyikani aombe ushauri kwa ofisa ugani apate mbegu ya muda mfupi, asishuke na ile anayopanda juu. Na sehemu moja aweke muhogo.

Kuhusu misaada, nataka ujue historia kidogo kwa sababu kwenu Mlalo ndiko somo lilikotolewa. Mwaka 1946 Waingereza walianzisha mpango wa kuokoa udongo bonde la Mlalo, kisha wakaupanua Usambara. Sheria ilimtaka kila mkulima achimbe matuta kwenye mteremko. Asiyefanya alitozwa faini. Udongo ulikuwa kweli unakwenda na maji, wataalamu hawakusema uongo. Lakini matuta yalidai siku nyingi za jembe, sehemu kubwa ya kazi ikawaangukia wanawake, na mavuno hayakuongezeka mwaka ule wala uliofuata. Watu walikataa, wanawake wakiwa mstari wa mbele, na 1957 mpango ukaachwa. Kuanzia 1981 ukaja SECAP, mradi wa kuhifadhi udongo uliosaidiwa na Wajerumani. Wao walipanda mistari ya majani ya Guatemala na mabingobingo kukata mteremko, na miti ya migrivea pembeni. Tembea leo ukahesabu mistari ya majani iliyobaki. Imebaki zaidi kwa mwenye ng'ombe au mbuzi wa ndani, kwa sababu kwake ule mstari ni malisho ya kesho asubuhi, na udongo unashikika hapo hapo. Kwa asiye na mfugo, wengi waling'oa wapate mstari mmoja zaidi wa mahindi.

Kwa hiyo kabla hujatuma wazo lolote kijijini, jiulize maswali mawili: linadai siku za jembe katika mwezi gani, na faida yake inaonekana ndani ya mwaka huo huo? Likidai kazi Machi na kulipa baada ya miaka mitatu, wazazi watakuitikia ndiyo kwa heshima na hawatalifanya. Na watakuwa na sababu.

Turudi kwenye Agosti. Hela yako ina kazi mbili. Ya kwanza ni kulipa deni la dukani na la mbolea ili gunia lisishuke darini. Piga simu mwishoni mwa Julai, uliza nani anadai na kiasi gani, ikiwezekana mlipe mdai moja kwa moja kwa simu. Ya pili, ikibaki, inunue mahindi papo hapo kijijini au Mombo wakati bei iko chini, uongeze magunia juu ya yale yaliyovunwa. Mama aliyekuwa ananunua kibaba Aprili atakuwa anachota kutoka gunia lililonunuliwa Agosti. Januari fanya vivyo hivyo na sare za shule: zilipie wewe kabla mahindi ya vuli hayajauzwa kwa ajili yake.

Mpango huu una adui mmoja, naye ni dumuzi. Huyu mdudu si wa hapa kwetu, asili yake ni Amerika ya Kati, akaonekana Tabora kuelekea mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kusambaa nchi nzima. Akiingia kwenye gunia, miezi michache baadaye unabaki na unga wa vumbi na maganda. Wakulima wanauza mapema pia kwa kumkimbia yeye, na huwezi kumwambia mtu asiuze kama hujamwonyesha pa kuweka. Mnunulie mzee mifuko ya kinga njaa, wengine wanaita PICS. Ina matabaka matatu, mawili ya nailoni ndani na gunia la kawaida nje. Kila tabaka linafungwa peke yake kwa kamba, hewa ikatolewa, na wadudu waliomo wanakufa kwa kukosa pumzi. Hakuna dawa, kwa hiyo mahindi yanaliwa siku yoyote. Iwekwe mbali na panya na mbali na ukuta, na wafungue mmoja baada ya mwingine. Mfuko unaofunguliwa kila siku haulindi kitu.

Ila mifuko hii haisamehi mahindi mabichi, na milima yenu ina ukungu. Mahindi yasiyokauka yakifungwa humo yanaota kuvu, na baadhi ya kuvu inaacha sumu isiyotoka kwa kupikwa. Kipimo cha bure ni chumvi. Anika chumvi juani mpaka ikauke kabisa. Chukua chupa ya kioo iliyokauka yenye kifuniko, weka mahindi mpaka robo au theluthi, ongeza vijiko viwili vitatu vya hiyo chumvi, tikisa dakika moja, iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Ikidondoka yote chini, fungeni. Kukiwa na ukungu wiki nzima, darini juu ya jiko, mahali bibi zetu walipokuwa wakitundika mbegu zipate moshi, bado ni mahali pazuri pa kumalizia kukausha. Waanike juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo mtupu.

Nisikuache ukidhani gunia ndiyo kila kitu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mikoa iliyoongoza ni Iringa, karibu 57 kati ya 100, halafu Njombe na Rukwa, karibu 50. Hiyo ni mikoa ya nyanda za juu inayolisha nchi mahindi! Mimi takwimu hiyo inanikosesha raha kila nikiisoma. Ghala linaweza kuwa limejaa na mtoto akadumaa, kwa sababu anakula uji mweupe wa mahindi asubuhi na ugali jioni, mama yuko shamba kutwa, na maziwa, mayai na maharage yamekwenda sokoni. Kwa wajukuu wale wawili, sisitiza maharage yasiuzwe yote, mboga ya majani kila siku hata ikiwa mnavu wa pembeni, na yai libaki nyumbani mara kadhaa kwa wiki. Ukiweza kununua mbuzi wa maziwa, yale majani ya kuzuia udongo yatapata kazi siku hiyo hiyo. Kumbuka tu mbuzi ni kazi ya kila siku, kwa hiyo muulize mama kwanza, maana yeye ndiye atakayekata majani.

Kuhusu serikali nitasema kwa ufupi. Kama hali ni mbaya, waulize kama nyumba iliwahi kutathminiwa katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, ulioanza 2012. Walengwa wanapata ruzuku na wengine ajira za muda, na majina hupitia mkutano wa kijiji, kwa hiyo mtu asiyehudhuria mikutano anaweza kusahaulika. Mbolea ya ruzuku ipo tangu msimu wa 2022/2023, lakini mzee lazima awe amesajiliwa na namba yake ya simu iwe inafanya kazi. Wazee wengi wanaikosa kwa sababu ya laini ya simu tu. Mahindi ya NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, hupelekwa maeneo yenye upungufu mkubwa na kuuzwa kwa bei nafuu, yakija yachukuliwe, ila usiyapange kwenye bajeti.

Kuna msaada mwingine wa karibu zaidi, na ni wa mama. Ulizia kama yuko kwenye kikoba. Vikundi hivi vingi huvunja na kugawana mwisho wa mwaka, hela ikaishia kwenye sikukuu. Kikundi kinaweza kukubaliana kugawana Agosti badala ya Desemba, au kutenga sehemu kununua mahindi ya pamoja na kuwakopesha wanachama Machi, walipe mahindi kwa mahindi na nyongeza ndogo. Penye kundi la namna hiyo, mwanamke hapigi magoti kwa mkopeshaji na haachi shamba lake wiki ya kupanda. Wewe hapo Dar unaweza kuwaongezea gunia la kuanzia. Nalipenda wazo hili kuliko mengine yote niliyoandika humu, kwa sababu linabaki hata siku kazi yako ya mjini itakapoyumba.

Mwisho, namna ya kuuliza. Ukimwuliza mzazi "mna chakula?" atakujibu "tunacho, mwanangu, Mungu anasaidia," hata jiko likiwa limelala. Wanakuficha kwa sababu wanakuhurumia. Badala yake uliza mambo yanayohesabika. Agosti: mmevuna magunia mangapi, na mangapi kati ya hayo yana deni la mtu? Desemba: mmefungua mfuko wa ngapi? Februari: bonde mnalima wenyewe au mmemkodisha mtu? Machi, mvua ikianza: shamba la nyumbani mmemaliza kupanda tarehe ngapi, na nani alikuwepo kupanda? Hilo la mwisho mwulize mama, si baba. Akikwambia alikuwa kwa fulani siku tatu hizi, tuma hela ya kibarua jioni hiyo hiyo, ili asubuhi aamkie kwenye shamba lake.